Mtetemo Una Dozi Yake: Mafunzo Niliyopata kati ya Fizi na Baraka

Familia nyingi za Fizi, mashariki mwa Kongo, zilivuka Ziwa Tanganyika vita vilipoanza mwaka 1996, zikapokewa katika kambi ya Nyarugusu upande wa Kasulu, Tanzania. Miaka ilipopita, baadhi yao walichukuliwa kwenda kuishi Marekani. Watoto waliokulia kambini leo wana kazi huko, na hawajasahau migongo na magoti ya wazazi waliorudi nyumbani. Ndiyo sababu katika mizigo inayofika bandarini Baraka, kati ya simu na mashuka, nimeanza kukutana na bamba zito la umeme ambalo mtu hupanda kwa miguu miwili, akabonyeza kitufe, likamtetemesha kuanzia nyayo hadi kwenye meno. Kijana ameona tangazo kwamba linaondoa maumivu, linaimarisha mifupa, linapunguza tumbo. Ametuma kwa moyo safi. Mama analipokea, halafu ananiita: "Munganga, njoo unionyeshe."

Mimi ni kine, kazi yangu ni kunyoosha na kuimarisha viungo vya waliovunjika, waliopasuliwa na waliopooza. Kwa miaka mingi napanda na kushuka kati ya Fizi iliyo milimani na Baraka iliyo ufukweni. Niliyojifunza kuhusu mtetemo, mengi nilijifunza kwenye moto, yaani pikipiki, na kwenye malori ya Fuso kabla sijaliona bamba lolote, na ya barabara na ya bamba nayaandika hapa pamoja: kwa ajili ya yule aliyeletewa mashine, na kwa ajili ya wengine, ambao ndio wengi, wanaotikiswa na barabara huku wakiwa wagonjwa.

1. Mwili hauulizi mtetemo umetoka wapi

Mtu anayetoka Uvira kwa moto, akapita Makobola, Mboko na Lusenda hadi Baraka, ametikiswa kwa saa nyingi kabla hajafika kwangu kuniambia kwamba kiuno kinamuuma. Anayeendelea kupanda hadi Fizi, au hadi Lulimba na Misisi kwenye dhahabu, ameongeza dozi juu ya dozi.

Mtetemo una vipimo vitatu: unatokea mara ngapi kwa sekunde, unakwenda juu na chini kiasi gani, na unadumu muda gani. Mwili wa mtu aliyeketi unaumia zaidi kwa mitikiso ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Hapo kiwiliwili hakiupunguzi mtikiso, kinaukuza, na pingili za kiuno ndizo zinazolipa. Bahati mbaya, mitikiso ya chinichini ya namna hiyo ndiyo inayotolewa kwa wingi na magurudumu yanayopita kwenye mawe na makorongo.

Mabamba ya umeme ni ya aina mbili. Kuna linalopanda na kushuka lote kwa pamoja, kwa kawaida mara 20 hadi 50 kwa sekunde. Na kuna linalobembea, upande wa kulia ukipanda wa kushoto unashuka, mara 5 hadi 30 hivi. Hilo la pili likiwekwa kwenye namba ndogo kabisa, linaingia katika eneo lilelile la barabara. Watu hudhani namba ndogo daima ni salama. Kwa mtu mwenye kiuno kibovu, namba ndogo sana kwenye bamba la kubembea hukirusha kiuno kulia na kushoto, na wengi wao huniambia hapo ndipo maumivu yanapoamka.

Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la kuwalinda wafanyakazi wanaotikiswa mwili mzima kazini, kama madereva wa matrekta na mashine za kuchimba. Ukipima mchapuko, yaani ukali wa kubadilika kwa mwendo, mwajiri anatakiwa kuanza kuchukua hatua ukifika mita 0.5 kwa sekunde mraba kwa kazi ya saa 8, na haruhusiwi kuvuka 1.15. Wamotari wetu, waendesha pikipiki, hawana mwajiri wa kuwapimia. Wana vijana wenzao wa kwenye kituo, na wana viuno ambavyo kabla ya umri wa miaka 35 tayari vinaamka asubuhi vikiwa vimekaza.

2. Kabla ya kuuliza kama inasaidia, uliza mwili una nini ndani yake

Nikiitwa nyumbani kuonyesha mashine, kwanza nakaa. Naomba karatasi zote za hopitali, hata zile zilizochakaa. Nauliza kuhusu mimba. Nauliza kuhusu upasuaji wowote katika miezi iliyopita, ngiri, mawe kwenye figo au kwenye nyongo, kifafa, mguu uliowahi kuvimba kwa sababu ya damu iliyoganda, macho yaliyopasuliwa, moyo, jeraha bichi, uvimbe wenye joto. Wengi wa wenye hali hizo hawapandi kabisa. Wengine hawapandi mpaka daktari wao aseme. Watengenezaji wenyewe huziandika hali hizi kwenye kijitabu cha mashine, lakini kijitabu kimeandikwa kwa Kiingereza au Kichina, na mara nyingi kimebaki kwenye boksi huko kilikotoka.

Hapa kwetu naongeza swali ambalo sijaliona kwenye kijitabu chochote: je, una chuma cha vita mwilini? Kuna watu wanaoishi na vipande vya risasi au vya bomu karibu na mfupa au mshipa, na wamevizoea kiasi kwamba hawavitaji mpaka uulize waziwazi. Mtu wa namna hiyo simpandishi bila picha ya eksirei na neno la daktari wa upasuaji.

Lakini linaloniweka macho kuliko yote ni mgongo unaouma pamoja na homa. Mama mmoja, mkulima wa mihogo, aliletwa na binti yake ili nimpandishe kwenye bamba la jirani. Mgongo ulikuwa umemuuma kwa miezi. Nilimwomba ainame, hakuweza. Alijishika mapajani kwa mikono miwili kama anayejipanda mwenyewe, na alipotaka kuokota kitambaa chake alichuchumaa kwanza, mgongo ukiwa wima kama ubao. Nilipitisha kidole katikati ya mgongo, pingili moja ilikuwa imechomoza. Nikauliza kuhusu usiku. Alikuwa akilowa jasho, nguo zilikuwa zimemlegea, na alikohoa kidogo tu. Huyo hakuhitaji mashine ya aina yoyote. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake, kinaweza kula mfupa wa mgongo, na mfupa uliokwisha kuliwa ukitikiswa unaweza kusagika na kuubana uti wa mgongo, mtu akapooza miguu. Alipelekwa hopitali, akaanza dawa, ambazo nchini mwetu hutolewa bure. Kwa hiyo nawaambia wote: mgongo unaouma zaidi usiku kuliko mchana, mgongo wenye homa, jasho na kukonda, mgongo wa mtu aliyewahi kukaa nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, usitikiswe. Hata moto, kama kuna njia nyingine, usipande.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri kesho: ganzi sehemu za siri na kwenye makalio, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujua, miguu kulegea ghafla. Huyo anakwenda hopitali sasa hivi, amelazwa.

3. Mfupa uliovunjika unaheshimu kipoyi kuliko moto

Vijana hucheka kipoyi. Wanakiona ni cha zama za babu zao: miti miwili, shuka au kamba katikati, wanaume wanne wakibadilishana mabega kuanzia kijijini hadi santre ya afya. Mimi nimepokea mivunjiko ya paja iliyokuja kwa kipoyi na mivunjiko ya paja iliyokuja kwa moto, mgonjwa akiwa amebanwa katikati ya motari na ndugu yake, mguu ukining'inia. Sina shaka nataka ipi. Bega la mtu anayetembea linapooza mtikiso, gurudumu linaupitisha. Ncha za mfupa uliovunjika ni kali, na kila korongo linazisogeza kwenye nyama, kwenye mshipa wa damu, kwenye neva.

Pale moto inapokuwa ndiyo njia pekee, basi mguu ufungwe kwanza, vipande viwili vya mbao au mabua magumu, kitambaa kikipita juu na chini ya mahali palipovunjika, viungo viwili vya jirani visicheze. Vidole viachwe wazi ili vionekane. Njiani msimame kila mara kuvigusa: vikiwa vya baridi au mgonjwa akisema havisikii, legeza kitambaa.

Baada ya gamba la plasta kutolewa ndipo shauku ya mashine inapokuja. Mguu umekonda, goti limekaza, na mtu anataka kurudisha misuli upesi. Mfupa mkubwa wa mguu wa mtu mzima huchukua miezi mitatu hadi minne kuungana, na mara nyingi zaidi ya hapo kama ulipasuka vipande au jeraha lilikuwa wazi. Kutokuwa na maumivu si ushahidi kwamba umekwisha kuungana. Aliyewekewa plaki na skurubu ana jambo jingine: chuma kinashikilia kwa niaba ya mfupa, na kinachotikiswa mara elfu kwa dakika ni mahali ambapo skurubu imeuma mfupa. Bamba lenye mtetemo wa mara 30 kwa sekunde hutoa mitikiso 1,800 kwa dakika moja. Nikimweleza mtu hesabu hiyo, huwa anaelewa bila ubishi. Daktari aliyeweka chuma ndiye anayeruhusu.

4. Mimba na mshono wa tumbo

Hapa sijadiliani. Mwanamke mwenye mimba hapandi bamba la mtetemo, miezi yote tisa, hata awe na nguvu kiasi gani. Ushauri wa usalama kazini katika nchi nyingi pia unamwondoa mjamzito kwenye kazi za kutikiswa mwili mzima.

Barabara ndiyo ngumu, kwa sababu huwezi kumwambia mwanamke wa Fizi asipande moto wakati hopitali iko mbali. Ninachowaomba waume na mama wakwe ni kupanga tarehe. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, aliyetokwa na damu, ashuke Baraka wiki mbili au zaidi kabla ya siku zake, akae kwa ndugu, asisubiri uchungu uanze ndipo atafutwe motari usiku wa mvua. Safari ileile iliyofanywa taratibu mchana, kwa kusimama njiani, si sawa na ile inayofanywa mbio.

Aliyejifungua kwa kupasuliwa namwambia wiki 6 bila mtikiso wa hiari, na kama lazima asafiri, ashikilie mto au kikwembe (kitenge) kilichokunjwa mbele ya mshono. Wanawake waliotibiwa fistula, wengine wakiwa wamekwenda hadi Panzi kule Bukavu, ndio ninaowahurumia zaidi kwa safari ya kurudi. Kazi ngumu na nzuri imefanyika ndani ya mwili wao, halafu inafuata Kamanyola, Uvira, na barabara yetu yote. Kama kuna uwezekano wa kubaki karibu na hopitali mpaka kidonda kikomae, familia ichange wabaki. Ni fedha iliyotumika vizuri kuliko bamba lolote la kutoka ng'ambo.

5. Namba kwenye kitufe inapanda kwa kasi kuliko inavyoonekana

Mtu anaona 15, anabonyeza hadi 30, anadhani ameongeza mara mbili. Kama bamba linakwenda juu na chini kwa kiasi kilekile, nguvu imeongezeka mara nne. Bamba linalosogea milimita 2 juu na milimita 2 chini ya katikati yake, mara 30 kwa sekunde, lina mchapuko unaozidi mara 7 ya uvutano wa dunia. Nyayo zinaupokea wote. Kinachofika kichwani kinategemea jambo moja kuliko mengine yote: magoti.

Goti lililonyooka ni fito. Linapandisha mtetemo hadi nyonga, mgongo, taya, macho. Goti lililokunjwa kidogo, kama mtu anayejiandaa kukaa kisha akaghairi, linaumaliza mwingi wake kwenye misuli ya paja. Ndiyo maana siruhusu kabisa mtu kuketi juu ya bamba au kulilalia kwa mgongo, ingawa matangazo yanaonyesha. Ukilikalia umeondoa magoti kwenye kazi, na mtikiso umeupeleka moja kwa moja kwenye kiuno.

Kwa hiyo asiyeweza kusimama na magoti yaliyokunjwa kwa dakika moja kwenye sakafu ya kawaida, hana biashara na bamba. Namjaribu kwenye sakafu kwanza. Ni kipimo kisichogharimu kitu, na kimewashusha wengi kabla hawajapanda.

6. Pa kukaa

Kwenye Fuso, pa kuumia ni nyuma kabisa, ng'ambo ya magurudumu ya nyuma. Kila shimo linakurusha. Mgonjwa akae katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, juu ya magunia laini, si juu ya mifuko ya saruji.

Kwenye boti ni kinyume cha wanavyopenda watu. Wote wanataka mbele, kuna upepo mzuri na huoni moshi. Lakini mbele ndiko boti inakoinuka na kupiga maji, na kiangazi, upepo wa kusini ukilichafua ziwa nje ya Ubwari, pigo moja linaweza kubonyeza pingili ya mgongo wa bibi mwenye mifupa miepesi. Mgonjwa akae nyuma, karibu na injini, avumilie kelele. Mvulana mwenye afya ndiye akae mbele.

Kwenye moto: mgonjwa awe peke yake na motari, wasipande watatu. Apande kwa kutanua miguu, kwa sababu kukaa upande kunausokota mgongo wakati unatikiswa. Mama zetu wanaona haya, basi avae suruali chini ya kikwembe, hakuna mwenye akili atakayemcheka. Asibebe begi mgongoni. Akanyage vikanyagio sawasawa, na akiona korongo linakuja aukaze mguu na kujiinua kidogo kutoka kwenye kiti, ili magoti yafanye ile kazi niliyoieleza. Kwenye mteremko mbaya ashuke atembee. Motari anayekataa kupunguza mwendo aachwe, yuko mwingine.

7. Mguu usiosikia hautoi taarifa

Ugonjwa wa sukari umeongezeka miongoni mwa ninaowaona, na unakuja na nyayo zilizokufa ganzi. Mtu wa namna hiyo anapenda bamba, kwa sababu ni mara ya kwanza kwa muda mrefu anahisi kitu miguuni. Namwelewa. Lakini mguu huohuo unaweza kuchubuka chini ya mtetemo bila mwenyewe kujua, na kidonda cha mguu wa kisukari hakina mzaha. Namkagua nyayo kwa macho na kwa vidole, kati ya vidole vyake na kisiginoni, kabla na baada. Akiwa na kidonda, hapandi. Asiyekuwa nacho anapanda akiwa amevaa soksi safi na viatu vyenye soli nyembamba, mikono miwili ikishika kitu kisichosogea, na mtu mwingine amesimama nyuma yake.

Waliougua polio utotoni wana tatizo lingine: wanasikia vizuri, ila mguu mmoja hauwezi kushika goti lililokunjwa. Uzito wote unahamia upande mzima, nyonga inapinda, na mgongo uliokwisha kuzoea kupinda unatikiswa katika hali hiyo. Kwao sijaona faida inayozidi hasara. Tunafanya mazoezi kitandani.

8. Nafuu ya jioni hiyo si ushahidi

Wapo wanaoshuka kwenye bamba wakisema wamekuwa wepesi, na nawaamini. Misuli imechemka, damu imetembea. Swali ni kama nafuu hiyo inajenga kitu.

Mwaka 1892 huko Paris, daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière aliwaambia wenzake jambo alilolisikia kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Walimwambia kwamba baada ya safari ndefu ya treni au ya gari la farasi, lenye kuwarusharusha, walijisikia vizuri zaidi. Wengine wote waliteremka wamechoka, wao waliteremka wamepata nafuu. Charcot akatengenezewa kiti cha umeme chenye kutikisika ili kuwapa barabara bila safari. Alifariki mwaka uliofuata, na jambo likasahauliwa. Zaidi ya karne moja baadaye, madaktari wa Chicago walilijaribu upya, wakachapisha matokeo mwaka 2012: baadhi ya wagonjwa walikaa kwenye kiti kinachotetemeka, wengine kwenye kiti kisichotetemeka. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikutosha kukisifu kiti. Huwa nawasimulia wagonjwa wangu habari hiyo kwa sababu wao wanaijua safari yenyewe, na kwa sababu inaonyesha jinsi matumaini, kutunzwa na kukaa tulivu vinavyoweza kufanya kazi ambayo sifa yake inapewa mashine.

Kwa mifupa ya wazee ni hivyohivyo. Huko Boston wazee 174 walifuatiliwa kwa miaka miwili, wakisimama dakika 10 kwa siku juu ya bamba la mtetemo mdogo sana au bamba la kuiga lisilofanya kazi. Matokeo yalitoka mwaka 2015: mifupa ya waliotetemeshwa haikuwa na uzito zaidi ya ile ya wenzao. Tafiti nyingine, hasa za wanawake waliokoma hedhi, zimeona faida ndogo kwa mashine zenye nguvu zaidi, na kuna wazee waliopata nguvu za miguu na uthabiti wa kusimama. Kwa hiyo sisemi ni takataka. Nasema mzee anayetegemea bamba peke yake anapoteza muda ambao angeutumia kuinuka kitini.

Na hapa nina msimamo. Mama wa Fizi ambaye kwa miaka 40 amepanda mlima na beseni la mihogo kichwani hakukosa mazoezi ya mifupa. Anachokosa anapozeeka ni nguvu ya mapaja ya kumzuia asianguke, na mara nyingi chakula chenye dagaa na maharage ya kutosha, kwa sababu anawaachia wajukuu. Kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, asubuhi na jioni. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Kutembea hadi sokoni na kurudi. Hayo hayasubiri sola ijae wala jenereta liwashwe.

9. Kwa aliyeruhusiwa, tunaanza hivi

Bamba linawekwa sakafuni, si juu ya mkeka, si juu ya udongo unaoyumba. Karibu pawe na dirisha lenye nondo au meza nzito ya kushika. Mgonjwa amekula, amekojoa, hajanywa pombe. Kama bamba ni la kubembea, miguu inasogezwa karibu na katikati, ambako linasogea kidogo. Kadiri unavyotanua miguu ndivyo unavyoongeza dozi.

Kwa wengi, hasa wenye magoti yaliyochakaa au kiuno kilichokwisha kutulia, naanza na sekunde 30, kisha dakika nzima ya kupumzika wakiwa wameshuka, na kurudia mara chache tu. Siku inayofuata hakuna. Nikiwa na bamba la kubembea naepuka namba za chini kabisa zinazorusha kiuno, na sizifuati za juu zinazotia meno ganzi. Wiki mbili za namna hiyo kabla ya kuongeza chochote, na nikiongeza, naongeza muda au kasi, kamwe si vyote viwili siku moja. Siku aliyosafiri kwa moto kutoka Fizi, mtu hapandi. Amekwisha kupata dozi yake ya siku.

Tunasimamisha papo hapo kichwa kikiuma, macho yakiona ukungu, kizunguzungu kikija, kifua kikibana, maumivu yakishuka mguuni kama uzi wa moto, au mwanamke akihisi uzito unashuka chini ya tumbo. Muwasho wa miguu na wekundu wa ngozi huja kwa wengi siku za mwanzo na huondoka baada ya muda mfupi; hayo hayanitii hofu.

Na kijana aliyeko Marekani namwomba mambo mawili kabla hajatuma. Ampigie mama simu, amwulize maswali ya fungu la pili, moja baada ya jingine, na ayaandike majibu. Halafu asome kwenye mashine yenyewe inataka umeme wa volti ngapi, kwa sababu ya huko hutengenezwa kwa volti 120 na umeme wetu ni 220. Bamba moja nililoitiwa lilitoa moshi kabla mama hajapanda. Familia ikaliuza kama chuma chakavu, ikanunua kiti imara chenye egemeo, na kiti hicho ndicho tunachokitumia kila Jumanne.